Siku Tatu za Kijani

Katika nyumba ile hakuna aliyefungua dirisha asubuhi kabla ya kuiuliza taa. Majirani waliicheka sana habari hiyo, tena bila kujificha. Mama mmoja mwenye duka la nafaka, kila akipita, aliuliza kama taa inaweza pia kusema mumewe yuko wapi saa hizi. Lakini wakishamaliza kucheka, na wao walichungulia dirishani kuona rangi ya siku kabla ya kuanika nguo zao, kisha wakaenda zao bila hata asante.

Taa hiyo ilitengenezwa na binti wa nyumba, ambaye wote walimwita Fundi. Jina lilimganda akiwa na miaka minane, alipoifungua pasi ya mama yake aone joto linakaa wapi, akairudisha na kubakiwa na skrubu mbili ambazo hakuna aliyejua zilitoka wapi. Sasa alikuwa na miaka thelathini na minne, anatengeneza simu na kompyuta katika duka la mtu upande wa pili wa mji, alikopanga pia chumba, na skrubu hazikumbakia tena. Mama yake alipomtaja kwa wageni alisema tu, "Yule wangu," na wageni walijua ni yupi, ingawa alikuwa na watoto wawili.

Mama alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha nyuzi. Vumbi la pamba lilimwingia taratibu, siku kwa siku, na kiwanda kilipofunga milango yake yeye aliondoka nalo kifuani. Daktari alimpa dawa ya kuvuta na maagizo ambayo ni rahisi kuyasema ukiwa umeketi kwenye kiti cha daktari. Siku hewa ikiwa chafu, alisema, fungeni kila kitu, mama asitoke. Siku hewa ikiwa safi, fungueni, maana chumba kinachofungwa siku zote kina ukungu wake na joto lake, navyo vitammaliza vilevile. Nani atawaambia hewa ya leo ni safi au chafu, hilo daktari hakulisema, na wala hawakukumbuka kumuuliza mpaka walipofika nyumbani.

Kufungua na kufunga halikuwa jambo dogo. Dirisha la chumba cha mbele, alikolala mama mchana kutwa, lilikuwa la mbao, si la kioo, kwa hiyo ukilifunga umefunga na mwanga. Na chini ya dirisha hilo ilikaa cherehani ya mke wa kaka yake Fundi, ambaye mapacha wake wawili walikuwa shule ya bweni na yeye mwenyewe alijulikana kwa jina lao, Mama Pacha. Kaka mtu alikuwa dereva wa lori la masafa, leo yuko huku, kesho yuko mpaka mwingine, na mara nyingi wiki ilipita nyumba ikiwa na wanawake wawili tu, mmoja akishona, mwingine akihesabu pumzi. Walielewana, ingawa Mama Pacha hakuwa mtu wa maneno mengi na mkwewe alikuwa mtu wa maneno mengi kuliko mapafu yake yalivyoruhusu.

Fundi ndiye aliyegundua kwamba jibu lilikuwepo, tena bure. Juu ya paa la chuo kimoja, mitaa minne kutoka pale nyumbani, palikuwa na kiboksi cheupe kinachopima vumbi lililomo hewani, na kila baada ya dakika kumi kilipeleka namba yake kwenye mtandao, mtu yeyote aisome. Alinunua balbu ya kubadilika rangi na kibao kidogo cha saketi kisichozidi ukubwa wa kiberiti, akaandika programu jioni tatu mfululizo. Kibao kilikwenda mtandaoni, kikachukua namba, kikaiambia balbu iwake rangi gani. Kijani, hewa ni safi, fungueni. Manjano, kaeni chonjo. Nyekundu, fungeni, na mama awe na dawa yake karibu. Namba isipopatikana, kwa sababu intaneti imekatika au kiboksi cha chuo kimenyamaza, balbu ilimeta nyeupe.

Siku alipoifunga ukutani aliwakalisha wote wawili akawafundisha kama watoto wa darasa la kwanza. Alisisitiza jambo moja kuliko mengine yote: wasifuate pua. Pua inasikia harufu ya kitunguu cha jirani na kutishika bure, alisema, na vumbi linaloua ni dogo hata pua hailijui. Mama, ambaye macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho na rangi zote kwake zilikuwa zimegeuka chai ya maziwa, alitaka kujua taa ya rangi itamfaa nini mtu kama yeye. Fundi alimjibu kwamba Mama Pacha atakuwa macho yake. Ikawa hivyo. Kila asubuhi mama aliuliza rangi gani leo, Mama Pacha akajibu, na dirisha likafuata jibu.

Miezi ya kwanza ilikwenda vizuri kiasi cha kumshangaza daktari mwenyewe. Kasoro ilikuwa moja, ile nyeupe. Intaneti ya mtaa ule ilikuwa na tabia zake, na kila ilipoyumba balbu ilimeta, mama akahisi kuna kitu kinamulikamulika, akashikwa na hofu, na hofu kwa mtu wa kifua ni ugonjwa wa pili. Mama Pacha akapiga simu. Akapiga tena baada ya robo saa. Fundi alikuwa ameinamia simu ya mteja iliyofunguliwa matumbo, bosi wake amesimama nyuma anatazama saa, na sauti ya wifi yake ile ya upole inamwambia imekuwa nyeupe tena. Mara kumi kwa wiki, mara kumi na tano. Alianza kujibu kwa mkato. Mara moja alisema, "Wifi, nyeupe siyo moto, nipe nafasi nifanye kazi," na Mama Pacha akamwomba radhi.

Mchana wa siku hiyohiyo, akila chakula kwa mkono mmoja, aliifungua programu na kubadilisha mistari miwili. Namba isipopatikana, taa ishikilie rangi iliyokuwa nayo. Basi. Kazi yenyewe ilikwisha chai ikiwa bado kikombeni. Alijua palipaswa kuwa na kikomo, kwamba taa ishikilie kwa saa moja tu, kisha iseme haijui. Alikusudia kukiweka kesho yake. Kesho yake waliletewa kompyuta sita za ofisi moja zilizoingiwa na maji, na keshokutwa alikuwa na homa, na baada ya hapo kila kitu kilikuwa kimetulia mno hata akasahau. Simu zilikoma. Mama alipiga mara moja tu, kumwambia taa imepona kabisa na Mungu aibariki mikono yake. Fundi alifurahi, na hakumwambia mtu alichokifanya, maana aliona hakuna cha kusema.

Ilipita miezi minne.

Jumatano moja jioni, ghala la magodoro lililokuwa nyuma ya chuo kile lilishika moto. Moto mkubwa ulizimwa usiku uleule, lakini magodoro yaliyorundikana ndani yaliendelea kufuka chini kwa chini siku tatu, moshi mwembamba wa kijivu usiotisha mtu. Mafundi wa umeme walikata laini ya upande ule kwa usalama, chuo kikabaki bila umeme, na kiboksi cheupe cha juu ya paa kikazimika alfajiri ya Alhamisi. Namba yake ya mwisho ilipimwa upepo ukiwa unavuma kwenda upande mwingine. Ilikuwa namba nzuri.

Alhamisi mchana Fundi alisikia habari za moto redioni, akapiga simu nyumbani. Mama Pacha alimwambia anasikia harufu kama ya plastiki, mbali, inakuja na kupotea. Akauliza afunge?

"Taa inasemaje?"

"Kijani, wifi. Tangu asubuhi."

"Basi acha wazi. Upepo unapeleka kwingine. Nilikwambia habari ya pua."

Ndivyo alivyosema, kwa mdomo wake, na mistari yake miwili haikumjia akilini hata kidogo. Alirudi kwenye kazi yake moyo mweupe.

Ijumaa mama alikohoa kuliko kawaida. Aliuliza rangi mara nne, na mara nne aliambiwa kijani, akasema basi ni kifua changu tu, uzee huu. Mama Pacha alishika simu apige, akaiweka chini, akakumbuka kompyuta za watu na bosi anayetazama saa. Alimchemshia maji, akampa dawa yake, akamsogeza karibu na dirisha apate hewa safi. Jumamosi asubuhi taa ilikuwa kijani bado. Saa sita mchana umeme ulirudi chuoni, kiboksi kikaamka, kikapeleka namba ya kweli, na balbu ikageuka nyekundu wakati Mama Pacha yuko magotini sakafuni na beseni, ameshika kichwa cha mama mkwe wake, hana habari na taa wala dunia.

Saa nane kasoro kaka mtu aliingia kutoka safarini. Alichokikuta ni mama yake midomo imekuwa ya bluu, dirisha wazi hadi mwisho, kitambaa cha mteja kimening'inia kwenye cherehani, na ukutani taa inawaka nyekundu. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alimbeba mama mikononi hadi kwenye gari la jirani, na kabla hajaondoka alimuuliza mkewe swali moja, dirisha lilikuwa linafanya nini. Mama Pacha alisema taa ilikuwa kijani tangu Alhamisi. Akanyoosha kidole kupitia dirishani aonyeshe. Wote wawili waliangalia, na taa ilikuwa nyekundu.

Shangazi yao, dada wa marehemu baba yao, alifika hospitali jioni hiyo na kuichukua kesi mikononi mwake, kama alivyochukua kila kesi ya ukoo ule. Ilikuwa inajulikana, alisema, kwamba bila mwanga, mwanamke huyu hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Ilikuwa inajulikana kwamba anachukia dirisha lifungwe. Kutoka hapo hadi kusema kwamba aliona nyekundu akatamka kijani hapakuwa mbali, na shangazi hakuwahi kuogopa mwendo mfupi. Kaka mtu hakusema ndiyo wala hapana. Aliacha tu kumsemesha mkewe, na kwa mwanamume mpole kama yeye hiyo ilikuwa hukumu. Mama Pacha alipojaribu kueleza aliambiwa taa ya Fundi haijawahi kukosea. Hata Fundi aliulizwa, Mama Pacha akiwepo, kama taa inaweza kukosea.

"Sidhani," alijibu, na siku ile alikuwa anasema kweli.

Ilikuwa Jumatatu, akiwa dukani, ndipo alipofungua orodha ya namba za kituo. Alitaka tu kujua moshi ulifikia kiasi gani ili amweleze daktari. Mistari ilishuka vizuri, dakika kumi, dakika kumi, mpaka alfajiri ya Alhamisi, kisha ikaruka hadi saa sita mchana wa Jumamosi. Katikati hapakuwa na kitu. Aliitazama nafasi hiyo muda mrefu. Kwanza aliwaza kwamba kama namba hazikuwepo taa ingemeta nyeupe. Halafu akakumbuka, akaketi sakafuni katikati ya maganda ya simu za watu.

Alikwenda hospitali siku hiyohiyo akiwa amejiandaa kusema. Mama alikuwa na mpira wa oksijeni puani, amelala nusu kaketi, na alipoisikia sauti yake alitabasamu akamwambia muuguzi, "Huyu ndiye yule wangu, wa taa." Muuguzi alisema amesikia habari zake tangu asubuhi mpaka anazijua kwa moyo. Daktari alikuwa ameagiza mgonjwa asishtushwe na lolote. Fundi aliidaka sababu hiyo kwa mikono miwili. Atasema mama akipata nafuu, alijiambia. Jumanne alijiambia hivyohivyo. Tuseme kweli, haikuwa huruma tupu. Alikuwa anaogopa kumwona mama yake akiacha kutabasamu, alimwogopa kaka, na kuliko wote aliogopa kukutana na macho ya Mama Pacha, ambaye kila jioni alikuja na nguo safi za mgonjwa, akaketi kwenye benchi la nje mpaka aruhusiwe na mumewe kuingia.

Ijumaa Mama Pacha aliruhusiwa. Fundi alikuwa upande wa pili wa kitanda akimlainisha mama midomo kwa pamba yenye maji. Mama Pacha alipiga magoti, ingawa kulikuwa na kiti. Alianza kusema, akasita, akaanza upya. Alisema amekaa siku sita akifikiri. Watu wote wanasema taa ilikuwa nyekundu, na taa haikosei, basi labda ni yeye aliyekosea. Labda mawazo yake yalikuwa kwenye ile kazi ya sare za shule. Labda aliangalia bila kuona.

"Nakuomba radhi, mama," alisema. "Ulikuwa unaniuliza mimi, na mimi nikakwambia kijani."

Mama alivuta pumzi mara tatu kabla ya kupata ya kusemea. Aliinua mkono, akautafuta uso wa mkwewe kwa vidole, akaupata.

"Nimekusamehe, mwanangu. Kwa moyo wote. Usibebe kitu."

Pamba ilikuwa mkononi mwa Fundi. Maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni, machache tu, yangetosha matano. Angeweza kuyasema pale, na mama angeyasikia, maana masikio yake yalikuwa mazima hadi mwisho. Alitoka nje ya wodi akidai anakwenda kumwaga maji. Alisimama korido, kikombe mkononi, akiwatazama watu wakipita na mashuka na karatasi zao, mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha na kengele ikapigwa.

Mama alifariki Jumapili asubuhi, saa ya chai, kaka akiwa amemshika mkono. Alizikwa Jumatatu. Majirani wote walikuja, hata yule wa duka la nafaka, ambaye alilia kuliko ndugu. Watu walipompa Fundi pole waliongeza, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba bila ile taa mama asingefika hata mwaka ule. Alizipokea pole hizo akiinamisha kichwa, wakadhani ni majonzi.

Alhamisi iliyofuata waliketi chumba cha mbele, shangazi, kaka, Fundi, na Mama Pacha. Kitanda cha mama kilikuwa kimekwisha kuondolewa na mahali pake sakafu ilikuwa na rangi tofauti. Shangazi alizungumza kwa niaba ya wote bila kutumwa. Mke wa mtu anarudi kwao kwa muda, alisema, mpaka mioyo ipoe, halafu itaonekana. Kaka aliangalia viganja vyake. Mama Pacha hakubisha, na ilionekana alikuwa amekwisha kufungasha, maana mabegi mawili yalikuwa mlangoni na cherehani imefunikwa shuka. Alikuwa anakunja vipande vya vitambaa vya wateja, kimoja baada ya kingine, na kuandika jina juu ya kila kimoja ili wenyewe wasije wakahangaika.

Labda ni hayo majina. Fundi hakuwahi kujua ni nini hasa kilichomfungua mdomo siku hiyo na kikakataa kumfungua siku nyingine zote. Alitoa simu yake akaiweka juu ya meza, mbele ya kaka, ile orodha ya namba ikiwa wazi.

"Kaka, angalia hapa. Alhamisi alfajiri mpaka Jumamosi mchana. Hakuna kitu."

Kaka alisema haelewi.

"Kituo kilizimika. Taa haikuwa na habari yoyote siku hizo. Ingepaswa kumeta nyeupe. Mimi nilikuwa nimeiondoa nyeupe, nikaiambia ikikosa habari ibaki na rangi ya zamani. Ilibaki kijani siku tatu. Wifi alisema kweli. Na Alhamisi alinipigia kuuliza afunge, nikamwambia acha wazi."

Alieleza mara mbili. Shangazi alifungua mdomo akaufunga, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amewahi kuliona. Kaka aliipitia orodha kwa kidole juu na chini, juu na chini, kama anayetafuta mji kwenye ramani.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Jumatatu. Ile ya kwanza, akiwa hospitali."

"Mama alikuwa hai."

"Alikuwa hai."

Kaka aliirudisha simu juu ya meza polepole, akaigeuza uso chini. Fundi alisubiri amtukane, alitamani hata apigwe. Lakini kaka aliinuka akaenda kusimama mbele ya mkewe, mwanamume mzima, mikono imening'inia. Alisema jina lake la nyumbani, lile la kabla ya mapacha. Akainama kuchukua begi moja alirudishe ndani.

Mama Pacha aliweka mkono juu ya begi.

"Liache. Nitaenda," alisema. "Taa uliiangalia mara moja ukaiamini. Mimi umenijua miaka kumi na minne."

Hakusema kwa ukali. Alisema atakaa kwao mpaka likizo ya mapacha, na baada ya hapo atajua. Kaka alitaka kumsindikiza, akakataa. Fundi alishika begi moja bila kuomba ruhusa, na hilo hakulikataa, labda kwa sababu mabegi yalikuwa mazito na kituo cha mabasi kilikuwa mbali.

Walishika njia. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, watoto wamekwenda shule, maduka yanafunguliwa, hewa ina ile harufu ya vumbi lililomwagiwa maji. Fundi alitafuta neno la kusema tangu mlangoni hadi njia panda, na kila alilolipata lilikuwa dogo. Mwishowe, basi likiwa limekwisha kufika na utingo anapokea mabegi, alisema tu kwamba anaomba radhi, kwamba anajua haitoshi.

Mama Pacha alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu.

"Mimi sina shida na wewe, wifi. Zile siku kumi na mbili nilikuwa najiuliza kama rangi ya kijani naijua. Sasa angalau najua kwamba naijua." Alipanda ngazi moja, akageuka. "Ila kuna jambo linanisumbua. Mama alinisamehe kosa lako. Alinisamehe kwa moyo wote, nilisikia kabisa mkononi mwake. Mimi sikuwa na cha kusamehewa. Ningejua namna ya kukupa ule msamaha, haki ya Mungu ningekupa hapahapa."

Utingo aliuliza kama dada naye anapanda. Mama Pacha alimjibu hapana, anarudi nyumbani, na mlango ukafungwa.